Alama ya Chaki ya Umurerwa

Nyirabagenzi alikuwa katikati ya kushona kiti cha pikipiki aliposikia moto ya Cedric, pikipiki yake, ikipanda kutoka upande wa sokoni, na kabla haijaonekana akajua kwamba ni mgonjwa. Akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akatega sikio. Ndani ya injini kulikuwa na kitu kikigongagonga kama maharage makavu yanayotikiswa ndani ya kopo.

"Umurerwa," akaita bila kugeuza kichwa. "Mugonjwa wako iko anakuja."

"Nimeisha kumusikia, Nyogokuru."

Cherehani hiyo ilikuwa imekaa chini ya bati la gereji ya Kalisa, mtaa wa Mbugangari, miaka kumi na miwili sasa. Mafundi walifungua pikipiki, yeye akazivisha viti vipya. Umurerwa, mjukuu wake, alikulia chini ya meza ya cherehani hiyo akiokota sindano zilizoanguka, na sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu na ovaroli yenye jina lake kifuani. Lakini kazi aliyoachiwa ilikuwa ya magurudumu na breki tu. Ndani ya gereji kulikuwa na meza ndefu ya chuma, meza ya injini, ambayo haikuwa na mwenyewe tangu fundi wake mzee alipohamia Kigali. Kila asubuhi Umurerwa aliifuta vumbi. Kila asubuhi Nyirabagenzi alimwona akiifuta, akatia uzi kwenye sindano.

Cedric alizima moto yake mbele ya mlango. Ilikuwa moto ya krosi, ile ndefu ya matope yenye matairi ya meno, na Jumamosi alitakiwa kuipanda katika mashindano ya milimani kule Kanama. Mama yake alikuwa wa Goma, ng'ambo ya mpaka, baba yake wa hapa hapa, naye alikuwa na mdomo wa pande zote mbili.

"Patron," akamwita Kalisa, "tensheni imekufa tena. Ni ya tatu mu huu mwaka. Mi nafikiri kuna mutu ananiroga."

Kalisa alitoka ndani akijifuta mikono. Alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. "Hakuna anayekuroga. Unanunua vitu vya bandia. Tutaweka nyingine."

Ndani ya injini, kwa wasioijua, kuna cheni nyembamba inayozungusha vile vidude vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi. Cheni hiyo ikilegea inaruka meno, na ikiruka meno injini inajipiga ngumi yenyewe hadi inakufa. Tensheni ndiyo inayoisukuma kwa ubavu isilegee. Ya Cedric ilikuwa ile ya kawaida, yenye springi ndani, inayojikaza bila kuguswa na mtu.

Umurerwa alikuwa amechuchumaa kando ya injini. Hakuangalia injini. Aliangalia tairi la nyuma.

"Cedric, nyumbani unaisimamishaka wapi hii moto?"

"Aa, we unataka kunitembelea?"

"Jibu swali."

"Si kwetu, pale pa mulima. Hakuna mahali pa sawasawa. Naipandisha pua juu, naiweka mu gia, vitesse ya kwanza, ili isirudi nyuma, naenda kulala."

"Usiku muzima?"

"Usiku muzima. Watu bote ba kwetu wanafanyaka vile."

Umurerwa akasimama. "Donc usiku muzima moto yote inalala juu ya injini, inaivuta kwa kinyume. Ile cheni inasukuma springi ya tensheni, inasukuma, inasukuma, mpaka springi inachoka. Siyo bandia, siyo uchawi. Ni mulima."

Madereva wawili wa moto waliokuwa wakisubiri tairi wakacheka. Kalisa hakucheka. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyekuta msumari mahali ambapo hakuutegemea.

"Basi unasema nini?"

"Tumuwekee ile ya mukono. Haina springi. Ni bolti na nati yake ya kufungia. Pale utaikaza, palepale inabaki."

"Na ukiikaza vibaya?"

"Ikilegea sana, cheni inaruka. Ikikazwa sana, cheni inajikula. Lakini sitaikaza vibaya."

Mguu wa Nyirabagenzi ulikuwa bado juu ya pedali, hausogei. Alijua Kalisa atasema nini kabla hajasema, kwa sababu alimwona akiigeukia ile meza ya chuma.

"Haya," Kalisa akasema, polepole, kila mtu asikie. "Chagua mwenyewe, funga mwenyewe. Moto ikimaliza mashindano na injini nzima, Jumatatu meza ile ni yako. Ikifia mlimani, utabaki na magurudumu yako na hatutaongea tena habari ya injini."

"Na mimi?" Cedric akauliza. "Ikifia mulimani mi nabaki na nini?"

"Na kiti kizuri," Nyirabagenzi akasema. "Nilikishona mimi."

Kesho yake bibi na mjukuu waliondoka hadi dukani kwa Jack, muuza vipuri wa karibu na mpaka, kwa sababu Nyirabagenzi alihitaji ngozi ya plastiki ya viti na duka la ngozi hiyo lilikuwa mlango wa pili. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Umurerwa alibeba tensheni ya zamani ndani ya kitambaa.

Jack alikuwa na tensheni mbili za mkono. Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa kama pipi, nayo aliiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili. Ya pili ilikuwa ya rangi ya sufuria, haina urembo wowote, na akaisukuma tu kwa kidole.

"Chukua hii nyekundu, dada. Wanakimbizaka nayo Kampala. Hata kabla ya kuiwasha moto inakuwa na mbio."

Umurerwa alinyoosha mkono kwa bibi yake, na Nyirabagenzi akajua anachotaka, akavua shingoni utepe wa kupimia nguo. Umurerwa akapima tensheni ya zamani kutoka kwenye uso wake unaokaa injini hadi kwenye ncha. Akapima bolti ya ile nyekundu, akapima ya ile nyingine. Akalinganisha matundu mawili ya kufungia. Kisha akakaza kila bolti kwa vidole na kuilegeza, mara nyingi, macho amefumba, kama mtu anayeonja mchuzi. Mwisho akabonyeza ncha ya ile nyekundu kwenye kiganja chake, akaitoa. Ilimwachia alama kama ya msumari. Akabonyeza ya pili. Hiyo ilikuwa na kichwa kipana, bapa, na haikuacha kitu.

"Hii nyekundu ina ncha ya sindano," akasema. "Mule ndani inasukuma ubao laini wenye cheni inapita juu yake. Itautoboa. Na ni fupi. Cheni ikizeeka kidogo haitaifikia. Nipe hii nyingine."

"Lakini hii nyingine ni mubaya."

"Hakuna mutu atakayeiangalia, Jack. Si shela ya harusi."

Jack akamgeukia Nyirabagenzi ili apate msaada. "Mukecuru, bibi yetu, huyu mutoto alitoka wapi?"

"Chini ya meza yangu," akajibu, na akahisi kifua kinapanuka hadi vifungo vya blauzi vikamwambia taratibu.

Ijumaa asubuhi Umurerwa aliikuta moto palepale alipoiacha, baridi kama jiwe la ziwani. Hivyo ndivyo alivyotaka. Akaondoa plagi ili injini izunguke bila ubishi, akaisukuma kwa mkono kwa ile pedali ya kuwashia hadi alama mbili za ndani zikatazamana. Akatoa tensheni ya zamani. Springi yake ilikuwa imelegea kama soksi ya mzee. Akasafisha mahali pake, akaweka pakingi mpya ya kuzuia mafuta yasivuje, akafunga ile ya rangi ya sufuria huku bolti yake imerudishwa nyuma kabisa.

Halafu akaweka spana chini.

Hapo ndipo Kalisa alipokaribia. "Unakaza kwa kitu gani?"

"Kwa vidole."

"Injini ya krosi, kwa vidole?"

"Spana haisikii kitu, patron. Vidole vinasikia."

Akaingiza bolti kidogo kidogo hadi ikagusa. Akaizungusha injini taratibu, mzunguko mmoja, wa pili, na kila baada ya hatua ndogo akaijaribu bolti, kwa kuwa cheni yoyote ina mahali inapokaza zaidi na mahali inapolegea, na ukiipima mahali pa kulegea umejidanganya. Alipopapata mahali pa kukaza, akaisukuma bolti mpaka vidole vikagoma, kisha akairudisha nyuma kidogo tu, kama robo ya robo ya mzunguko, ili iwe na nafasi ya kupumua.

"Nyogokuru, chaki."

Nyirabagenzi akampa ile chaki yake bapa ya kuchoria nguo. Umurerwa akashika bolti isitembee, akaifunga nati, akachora mstari mmoja mweupe kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye mwili wa injini. Mtu akiigeuza hata kwa upana wa unywele, mstari utavunjika.

Wakati huo Nyirabagenzi aliangalia mkanda wa ngozi wa cherehani yake. Mara ngapi aliufupisha mkanda ule? Ukilegea, gurudumu linazunguka bure na sindano inasinzia. Ukiubana sana, pedali inakuwa nzito na mashine inaanza kuimba wimbo mwembamba wa kuumwa. Hakuwahi kumfundisha mtoto jambo hilo kwa maneno. Mtoto alikuwa chini ya meza, miaka yote hiyo, sikio lake likiwa sawa na mkanda.

Moto ikawashwa. Ikaunguruma vizuri, lakini chini ya mngurumo kulikuwa na mlio mdogo, tik tik tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye sahani.

"Inalia bado," Cedric akasema.

"Kaza," dereva mmoja akasema.

"Kaza kidogo, kaka yetu anaenda vita," mwingine akaongeza.

Hata Kalisa akanyoosha kidole. "Iongezee kidogo."

Umurerwa akakunja mikono. "Injini iko baridi. Ikipata moto inavimba, cheni inakazika yenyewe. Nikikaza sasa mpaka inyamaze, ikipata moto itanyongwa. Mungojee."

Wakangoja. Katika mji wetu injini inayonyamaza ndiyo inayosifiwa. Madereva huiita injini ya padri, na kila mmoja anataka ya kwake iwe hivyo tangu sekunde ya kwanza. Kusimama mbele ya wanaume sita ukisikiliza makelele bila kuyagusa si kitu rahisi. Umurerwa alisimama. Dakika ya nne mlio ukapungua. Dakika ya saba ukaisha, pakabaki mngurumo mtupu, mzito, safi.

Dereva mmoja akajikuna shingo. "Bon," akasema, akaenda kuangalia tairi lake.

Jumamosi, Kanama iliamka na ukungu. Watu walijaa pembeni mwa mashamba ya viazi, watoto mabegani mwa baba zao, na moto kumi na nne zilipangwa kwenye uwanja mdogo chini ya mlima. Nyirabagenzi alikuja kwa basi dogo akiwa na kigoda chake, akakiweka karibu na moto ya Cedric. Umurerwa alikagua kila kitu, akagusa mstari wake wa chaki, ukawa mzima. Kisha akaenda upande wa pili wa barabara kujaza kidumu cha mafuta.

Cedric akawasha. Baridi ya mlimani ilikuwa kali kuliko ya mjini, na ule mlio mdogo ukarudi. Tik tik tik. Mpanda moto wa jirani, kijana wa Cyanzarwe mwenye kofia ya njano, akainama na kuweka mkono sikioni.

"Cedric, umeleta moto ao umeleta cherehani ya mukecuru?"

Watu wakacheka. Cedric akacheka pia, lakini uso wake haukucheka. Akavumilia kidogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akachomoa spana kwenye mfuko wa koti. Nyirabagenzi alikuwa akifunga kitambaa chake cha kichwa, na alipoinua macho kazi ilikuwa imekwisha. Mlio umenyamaza kabisa. Injini ya padri.

Lakini yeye hakusikia ukimya. Kadiri injini ilivyopata moto alisikia wimbo mwembamba, wa juu, kama wa mbu aliyenaswa ndani ya glasi. Akainama kwenye kigoda. Mstari wa chaki ulikuwa umevunjika. Kipande cha juu kilikuwa kimepita cha chini kwa upana wa kidole.

Mdomo ulimjaa maneno. Angeweza kumwambia Cedric azime. Angeweza kuvuka barabara na kumwita mtoto. Aliyameza. Kama mtoto asingesikia mwenyewe, meza ile ya chuma haikuwa yake bado, hata kama Kalisa angempa na kuibeba hadi nyumbani. Nitahesabu hadi anifikie, akajiambia. Akifika bila kusikia, nitasema.

Umurerwa alirudi na kidumu mkononi, akizungumza na msichana fulani, akicheka. Akiwa bado hatua ishirini mbali, na moto nyingine kumi na tatu zikinguruma kati yao, akanyamaza katikati ya neno. Akasimama. Kidumu akakiweka chini barabarani, akaja mbio.

"Zima."

"Umurerwa, inabaki dakika kumi..."

"Zima, Cedric. Nani aligusa?"

Cedric akazima. Akaangalia buti zake. "Ilikuwa inapiga makelele. Watu wanacheka."

Nyirabagenzi akaupima umbali ule kwa macho. Hatua ishirini. Yeye mwenyewe, na miaka yake yote ya mkanda, alikuwa amekaa hatua mbili.

Kalisa alikuwa amefika, na nyuma yake watu kadhaa. Akasikiliza habari yote kwa haraka. "Hakuna muda sasa," akasema. "Injini imepata moto, ukifungua hapa utapoteza kipimo. Iache hivyo hivyo, mbio ni nusu saa tu."

"Patron, nusu saa ya kunyongwa mulimani ni mingi."

"Umurerwa, mimi ndiye ninayesimamia."

"Uliniambia nichague mimi, nifunge mimi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kipimo hakijapotea, nilikiandika. Moto inatoka na alama yangu, ama haitoki. Na kama haitoki, ninabaki na magurudumu. Sawa."

Kijana wa kofia ya njano alikuwa ameacha kucheka, anatazama kama wengine. Kalisa alimwangalia msichana, akaangalia ile chaki iliyovunjika, kisha akafanya jambo ambalo Nyirabagenzi hakulitegemea. Akapiga goti kwenye matope na kushika spana ya nati.

"Mimi nalegeza," akasema. "Wewe ushike bolti."

Umurerwa akairudisha bolti taratibu, kwa vidole viwili na kitambaa kwa ajili ya joto, hadi vipande viwili vya mstari mweupe vikakutana na kuwa kimoja. Kalisa akafunga. Moto ikawashwa. Mngurumo mtupu, mzito, hakuna mbu. Cedric akavaa kofia na kuondoka, na watu wakakimbilia kamba iliyofungwa pembeni mwa njia.

Walipanda mlima mara nane. Nyirabagenzi hakuona mengi, macho yake hayafiki huko. Aliona rangi zikipita kwenye migomba na kupotea. Lakini kila mzunguko, kabla moto hazijatokea kwenye kona, aliitambua ya Cedric kati ya zote. Mzunguko wa tano, moja ilipiga mlio kama sufuria inayoanguka, ikazimika. Akatega sikio. Haikuwa ya Cedric. Mzunguko wa nane Cedric alitokea wa tatu, matope hadi kwenye meno, na injini ikiongea lugha ileile iliyoondoka nayo.

Wa kwanza alipewa kikombe. Nyirabagenzi hakugeuka hata kukitazama. Alimtazama Umurerwa, aliyekuwa amepiga magoti kando ya moto inayotoa mvuke, akifuta matope kwa kidole mahali pamoja tu. Chini ya matope, chaki ilikuwa imefifia, lakini imenyooka.

Cedric akaisukuma moto hadi penye mteremko, akaipandisha pua juu. Mguu wake ukaenda kwenye gia, kama kawaida. Ukasita. Akaiacha huru, akatafuta jiwe kubwa, akaliweka nyuma ya tairi. Akainua macho na kukuta bibi na mjukuu wanamwangalia.

"Nini?" akasema. "Mi si mujinga."

"Hakuna mutu alisema kitu," Nyirabagenzi akajibu.

Jumatatu, walipofika gereji, meza ya chuma ilikuwa imekwisha futwa vumbi. Kalisa alikuwa ndani, amegeuza mgongo, anajifanya kutafuta kitu kwenye rafu. Juu ya meza palikuwa na injini nzima ya moto ya teksi, na pembeni yake kijana wa kofia ya njano kutoka Cyanzarwe, kofia mkononi.

"Naulizia yule fundi wa chaki," akamwambia Nyirabagenzi, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza aliyemwona. "Ni wewe?"

Nyirabagenzi akaketi kwenye cherehani, akachukua muda wake kutia uzi.

"Mimi ni wa viti," akasema. "Fundi wa injini ni ule pale. Musalimie vizuri, na usimushikie spana mbele yake."

Halafu akatafuta chaki yake kwenye droo, akakumbuka kwamba imebaki kwa Umurerwa, akaanza kuchora kiti kipya kwa kipande cha sabuni.